Pepo Aliyeomba Mchicha

Nakumbuka adhuhuri moja ya jua kali, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimekaa uani kwetu Mjambere nakuna nazi, nikasikia marehemu mama akiniita kutoka chumbani kwa baba.

Sikiliza vizuri, mwanangu. Sikusema nilisikia sauti iliyofanana na ya mama. Nilimsikia mama. Aliniita Kidoti, jina alilonibandika yeye mwenyewe kwa sababu ya alama hii nyeusi unayoiona shavuni mwangu, na katika nyumba nzima hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Mama alikuwa amezikwa tangu Ramadhani iliyopita. Nikaitika, "Abee!" kama nilivyozoea, na neno lilikuwa limeshanitoka mdomoni kabla akili haijanikumbusha kwamba aliyeniita hayupo.

Nitakueleza yote, lakini kwa mwendo wangu. Mimi ni mtu mzima sasa, nikikimbizwa nasahau. Nyinyi mlio na baba waliorudi hospitali na habari ya saratani ya tezi dume huja kuniuliza: Bibi, tumpe nini ale? Badala ya kuwajibu, mimi naanza na habari ya pepo. Wajukuu zangu hunicheka, wananiona bibi ameanza kupotea. Wacha wacheke, meno ni yao.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa kule Junda, karibu na maji. Kazi yake ilikuwa kupanga magogo ya mikoko, juu yake apange matumbawe, awashe moto, kisha angoje mawe yageuke unga. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni, na hata siku ya Idi, akiwa amevaa kanzu safi, ule weupe haukumtoka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mchache wa maneno, na alipenda kula. Wali wa kuwatosha watu wawili kwake ulikuwa wa kufungulia kinywa tu. Jikoni lakini hakuingia hata siku moja. Alikuwa mwanamume wa zamani, na jiko la mama lilikuwa nchi ya mama.

Ugonjwa ulimwanza kwa siri, na yeye akausaidia kujificha. Alikuwa akiamka usiku kwenda msalani tena na tena, mkojo ukamtoka kidogo kidogo kwa taabu, asiseme. Nyonga zikaanza kumuuma, akasema ni magogo. Mama alipofariki tulidhani kukonda kwake ni kwa majonzi. Siku mkojo ulipoziba kabisa ndipo alipomwita kaka yangu Athumani, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akamwambia mlango ukiwa umefungwa. Tukamvusha daraja, tukampeleka hospitali kule kisiwani.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka, na pembeni yake dresa, msaidizi wa hospitali, wa kututafsiria. Walimtia mpira wa kutolea mkojo mpaka njia ikafunguka kidogo, wakampima, wakamlaza, wakampima tena. Kisha wakatuambia kwamba tezi iliyo chini ya kibofu imeingiwa na kansa, na kansa yenyewe imeshaifikia mifupa. Iko operasheni ya kuondoa kile kinachoulisha ugonjwa huo, yaani korodani. Operasheni hiyo, mwanangu, wanaume wakitajiwa hushika mikanda yao. Haitaumaliza ugonjwa, daktari alisema, lakini itautuliza, na maumivu yatapungua, na huenda akapata miaka. Ila kwa wakati ule baba alikuwa amekonda mno na damu yake ilikuwa chache. Daktari asingeweza kumlaza mezani.

"Mkamlisheni," dresa akatuambia, akimtafsiri daktari. "Akipata nguvu, mrudisheni. Akizidi kukonda, hatutaweza kumgusa."

Basi hapo ndipo maisha ya baba yalipowekwa, ndani ya sahani. Nami ndiye niliyekuwa mpishi wa nyumba, mwari ambaye posa yake imeshaletwa na ambaye mbele ya kaka yake mkubwa hana sauti.

Athumani hakuisikia ile habari ya kulisha. Yeye alisikia ile ya kukata. Tulipofika nyumbani akasema, "Baba hakatwi nami ni hai." Majirani nao wakaongeza lao. Walikuwa wamemsikia baba akisema peke yake chumbani tangu mama afariki. Haikuchukua muda Athumani akaleta mwanamke mganga wa pepo.

Nataka nimtendee haki mama yule. Hakuwa mwizi wala mwongo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzito na bangili nyingi, na aliyaamini aliyoyasema. Alimfunika baba kichwa kwa leso, akamfukizia ubani, akamshika kiuno, akasikiliza. Akasema kuna pepo amekaa hapo kiunoni, na ndiye aliyeziba njia ya maji. Ili pepo atoke mafichoni aseme anachotaka, kiti chake lazima kikauke. Kiti, katika lugha ya waganga, ni mgonjwa mwenyewe.

Basi akatuwekea miiko. Samaki asile. Mboga ya majani asile. Matunda asionje, chumvi asionje. Apewe uji mwembamba, na maji ya kulowesha koo tu, maana hata sisi tuliona ni akili: mtu anayeumia akikojoa, si bora asinywe? Madirisha ya chumba yafungwe. Pepo akishapanda kichwani na kusema, hapo mambo yanageuka. Lolote atakalolitaja apewe pale pale, kwa kinywa kile kile cha mgonjwa. Kumnyima pepo ni kumvunja mgonjwa.

Nikawa nakoroga uji. Baba aliunywa bila kuteta. Hakuwa mtu wa kuomba chakula ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwa mtoto wake wa kike ndiyo kabisa. Aliniuliza mara moja tu.

"Mwanakombo, leo mumepika nini?"

"Mchuzi wa papa, baba."

Akafumba macho akaivuta ile harufu, kisha akageukia ukutani. Hiyo ndiyo picha inayonichoma mpaka leo, kuliko hata ile ya maiti yake. Mashavu yake yalikuwa yameshaingia ndani, na ule weupe wa chokaa mikononi ulikuwa umebaki juu ya ngozi iliyolegea.

Sasa turudi kwenye ile adhuhuri. Unajua Mjambere ya wakati ule ilikuwa mashamba, mihogo na mikorosho na nyumba moja moja. Saa saba mchana hapakuwa na sauti. Kuku walikuwa wamejikunyata vivulini, watu wamelala, jua limesimama juu ya bati la jirani mpaka huwezi kulitazama. Watu huogopa usiku, lakini mimi nakwambia, adhuhuri ina kimya chake kinachotisha zaidi, kwa sababu unaona kila kitu na huoni kitu.

"Kidoti!"

"Abee!"

Nikainuka, miguu ikanipeleka. Chumba kilikuwa na giza la madirisha kufungwa na harufu ya ubani wa jana. Baba, ambaye kwa siku nyingi alikuwa haketi bila kushikwa, alikuwa ameketi wima kitandani, ile leso imemfunika kichwa na uso. Sauti ikatoka chini ya leso.

"Kidoti, n'na ndaa."

Njaa. Alisema ana njaa. Nikakumbuka nilivyofundishwa na mganga, nikauliza, "Ni nani mwenzetu?"

"Mwenzenu n'na ndaa. Nataka samaki, changu, wa kutokoswa. Nyanya zichome jivuni kwanda, ndipo uzivuruge. Tui litie la pili. Mafuta usinitilie."

Mwanangu, hivyo ndivyo alivyopika mama. Alizifukia nyanya ndani ya jivu la moto mpaka ganda likapasuka, akazimenya, akazivuruga kwa mkono. Hakumfundisha mtu ila mimi, na alinifundisha mlango wa jiko ukiwa umerudishwa, kwa kuwa alikuwa na choyo cha mapishi, Mungu amrehemu. Nilikwenda nikapika. Kwa haraka nikajiunguza. Nikampelekea sahani, akaiingiza chini ya leso akala, nami nikasimama mlangoni nikisikiliza akitafuna.

Sahani ilipotoka ilikuwa safi, na miba yote imepangwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Baba siku zote alikuwa akiwarushia paka miba yake. Aliyekuwa akiipanga ni mama.

Kisha akalala. Alasiri aliamka, akaniita kwa sauti yake mwenyewe, Mwanakombo, akaniuliza ni saa ngapi. Nikampa uji. Akaunywa, akajilaza, kana kwamba mchana haukuwa na kitu.

Tangu siku hiyo ikawa kila adhuhuri. Sauti ikaomba mchicha, uchemshwe kidogo usipoteze rangi. Ikaomba kunde. Ikaomba mbaazi, papai bivu, ndizi, na maji, maji mengi, "lakini nipe mchana, usiku n'wate n'lale," yaani usiku iachwe ilale. Ikaomba dagaa waliopondwa ndani ya mchuzi. Chakula ikakitaka kidogo kidogo, na baada ya kitambo tena kidogo. Mganga alipokuja alikuwa ameandaa sinia la halua, marashi na mayai, maana hayo ndiyo mapepo ya heshima huyataka. Akamwekea mbele, akamwita kwa maneno matamu.

"Sitaki halua," sauti ikamwambia. "Nyama ya mafuta sitaki. Na huo ubani uzime, wan'kohoza."

Mganga akatoka nje amejishika kiuno. "Tangu nianze kazi hii," akamwambia Athumani, "sijapata kuona pepo aombaye mtita. Huyu pepo gani? Wa shambani?" Mtita kwa lugha ya kwetu ndio mchicha.

Ningecheka, lakini wakati ule sikuwa na kicheko. Mambo yalikuwa yakitokea. Asubuhi, kabla sijawasha moto, nilikuwa nikiingia jikoni nakuta harufu ya nyanya zilizochomwa, na jivu ni baridi. Siku moja nilitoka kisimani nikakuta mbuzi ya kukunia nazi imesogezwa karibu na dirisha la chumba cha baba. Nilipoketi juu yake ubao ulikuwa na joto, kama kiti kilichoachwa na mtu sasa hivi, na mahali pale hapakuwa na jua. Paka wetu akawa haingii chumbani adhuhuri. Anakaa kizingitini, anatazama juu ya kitanda, kwa kimo cha mtu aliyesimama, pahali ambapo hapakuwa na mtu. Majirani waliokuwa wakipita uani kwetu kufupisha njia wakaanza kuzunguka mbali.

Nilikuwa naogopa. Tena nilikuwa namngoja. Nisikufiche, kila jua lilipopanda nilitega sikio, na ikichelewa kuniita machozi yalinilengalenga, kwa kuwa nilikuwa na hamu na mama yangu na ile ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumsikia.

Na baba alikuwa anapona. Nisiseme kupona; alikuwa anarudi. Mashavu yakajaa kidogo. Akaweza kwenda mpaka mlangoni kwa fimbo. Mimi nikawa nahesabu moyoni: akiendelea hivi, daktari atamkubali.

Athumani naye aliyaona, akayasoma kwa namna yake. Kwake ilikuwa dalili kwamba mganga ndiye aliyesema kweli na habari ya hospitali imekwisha. Wakapatana ifanywe ngoma kubwa ya kumtuliza pepo. Na ili siku ya ngoma pepo atoe jina lake bila ubishi, mganga akaamuru kwamba tangu siku hiyo mpaka ya ngoma yenyewe asipewe chochote, hata akiomba. Na uji pia ukome. Maji tu ya kulowesha ulimi.

Adhuhuri ya kwanza ya amri ile, sauti iliniita.

"Kidoti!"

Athumani alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, hakwenda kazini makusudi. Akanitikisia kichwa. Nisiitike.

"Kidoti! Kidoti, n'na ndaa."

Kesho yake ikaita tena, na sasa ilikuwa imedhoofika. Kesho kutwa yake ilikuwa inaita bila kupumzika, jina langu peke yake, taratibu, kama mtu anayeita akiwa ndani ya kisima. Nilikuwa nimejikunja juu ya mkeka nimeziba masikio, na Athumani mwenyewe kijasho kinamtoka, anasoma dua kwa kunong'ona. Hapo ndipo shangazi yetu alipoingia uani.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, akikaa Likoni. Alikuwa amevuka kwa feri kuja kwenye ngoma. Mwanamke mfupi, mkavu, macho makali, anayemsalimu kila mtu kabla ya kumgombeza. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatua kikapu chake, na akiwa hajaketi akasikia.

"Nani huyo aita?"

"Pepo, shangazi," akasema Athumani.

"Na yuwataka nini?"

"Chakula. Lakini mganga amesema..."

Hakungoja alichosema mganga. Akaingia chumbani na buibui lake, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha akalisukuma wazi, la pili akalisukuma wazi. Jua la saa saba likaingia lote. Sauti ilikuwa bado inaita. Shangazi akaishika ile leso akaivuta, na sauti ikakatika.

Baba alikuwa ametufumbulia macho, mekundu, yamejaa maji. Midomo yake ilikuwa imefungana, mikavu mpaka imepasuka. Shangazi alimtazama mdomo ule kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Nduu yangu, wataka nini?"

Baba akaibandua midomo yake kwa shida. "N'na ndaa, dada," akasema. Kwa sauti yake mwenyewe, nene, ya kukwaruza. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilipomsikia baba akiomba chakula.

Shangazi akaniagiza maji na ndizi, akampondea, akamlisha kwa mkono wake kidogo kidogo kama mtoto anayeota meno. Alipomaliza akatoka barazani, akamwita Athumani, akamwambia maneno ambayo mimi nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Mume mzima, ndani ya nyumba aliyoijenga kwa chokaa yake, hapewi sahani mpaka iombwe na shetani? Mumemfikisha ndugu yangu pahali akisema yeye, 'N'na ndaa,' hamumsikii, akisema pepo, mwakimbia kupika? Athumani, hamuna haya?"

Kaka yangu alilia. Mtu wa mabega mapana vile, anayebeba magunia meli kwa meli, alilia mbele yangu. "Naogopa, shangazi," akasema. "Watamkata."

"Na ndaa haimkati?"

Mganga alipokuja jioni ile kupanga mambo ya ngoma, shangazi alimkaribisha, akamtilia chai, akamshukuru kwa taabu yake, na akamsindikiza mpaka njiani. Hakumtukana. Mganga hakurudi.

Kuhusu operasheni, aliyetoa neno la mwisho alikuwa baba. Alikuwa ameketi barazani juani, bakuli la mbaazi mapajani. Akasema, "Nipelekeni. Mwili ni wangu, na aibu ikiwapo ni yangu." Athumani akainama akambusu mkono. Shangazi alikaa nasi akiniongoza jikoni, na baba akawa anakula mchana kweupe, na anasema mwenyewe anachotaka: leo samaki, leo kisamvu, leo hapana, moyo hautaki, nipe papai tu. Tulipomrudisha hospitali, daktari alimtazama juu mpaka chini akacheka kwa furaha. Operasheni ikafanywa, pamoja na nyingine ya kuifungua njia ya mkojo.

Sikudanganyi, mwanangu. Chakula hakikuiondoa kansa. Chakula kilimfikisha baba kwenye meza ya daktari, na daktari akampa miaka. Maumivu ya mifupa yalipungua. Alihudhuria harusi yangu kwa miguu yake. Aliiona bendera mpya ikipanda, na akampakata mtoto wangu wa kwanza. Halafu ugonjwa ukarudi, kama walivyotuambia, na akaenda zake akiwa ameshiba na amesalimiana na watu wake.

Ile sauti haikusikika tena tangu siku leso ilipovuliwa. Siku moja, mwaka ule wa mwisho, nilikuwa nakata kucha zake, nikajipa moyo nikamuuliza. Baba, ulikuwa wewe?

Akaugeuza mkono wake akazitazama kucha. Kisha akasema, "Siku ya kwanda n'likuwa mimi. N'lijua hamutamnyima pepo. Nikaiga sauti ya mamako, kwani ndiyo n'lokuwa nikiiwaza mtana na usiku. N'kasema n'na ndaa, nataka changu. Basi."

"Na nyanya? Za kuchoma jivuni?"

"Nyanya sikutaja. Mimi nayajuaje mambo ya jikoni kwenu?"

"Na siku zilizofuata? Mchicha, na kunde?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mwanangu, siwezi kuusahau. "Siku zilizofuata sikusema neno. N'likuwa nikisikia mwanamke asema humo chumbani, karibu na kitwa changu, kisha chakula chaja. N'lidhani ni wewe, wan'hurumia. Mimi n'lifungua kinywa kula tu."

Nikamaliza kucha za mkono mmoja, nikashika wa pili. Hatukulizungumza tena. Shangazi nilimuuliza mara moja aliona nini alipoivuta ile leso, akaniambia nisimuulize, nami sikurudia. Siku hizi sibishani nalo. Mwenye tafsiri yake abaki nayo.

Ninalolijua kwa hakika ndilo hili ninalokuachia. Mgonjwa wako asiombe kwa kinywa cha kukopa. Kabla hujauliza mtaani tumpe nini, kaa kando ya kitanda umuulize yeye, nini kinashuka leo? Kilichoshuka jana leo huenda kikamchefua, usimnunie. Mpe kidogo, umpe tena, sinia kubwa linamtisha mgonjwa. Mboga za majani kila siku, na matunda, na nyanya zilizopikwa, na kunde na mbaazi na maharagwe. Samaki mara nyingi, nyama nyekundu mara chache na mafuta yake uyatoe, na ile iliyoungua kwenye makaa usimpe. Tui jepesi linatosha. Dawa za siku hizi za kuutuliza ugonjwa huu hulegeza mifupa na huongeza kitambi, basi asinenepe ovyo pia. Dagaa na maziwa kiasi, jua la asubuhi, na atembee hata mpaka kwa jirani. Maji usimnyime kwa sababu anaumia akikojoa. Anywe tangu asubuhi, apunguze jua likizama ili apate usingizi, ila daktari akisema vinginevyo, msikilize yeye. Dawa za maumivu hufunga choo, ndipo papai na maji vinapofanya kazi yao.

Na anayekujia na unga wa mizizi au chupa ya kumaliza saratani kwa wiki moja, mpe chai aende. Ukitaka kumpa mgonjwa majani yoyote ya dawa, mwambie daktari kwanza, usione haya, maana mengine hugombana na dawa alizoandikiwa. Muulize daktari na mtu wa lishe habari ya baba yako mwenyewe. Nilichokipika mimi kilikuwa cha baba yangu.

Zaidi ya yote usimfungie madirisha. Wanaume wetu ugonjwa huu huwatia aibu, wakanyamaza mpaka wakakonda, na sisi tukauita ukimya wao ustahimilivu. Mwambie baba yako leo, kwa lugha ya adabu, aende apimwe kabla hajaanza kuamka usiku.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kulisha na sikio linalosikia mara ya kwanza. Amjaalie mgonjwa wako hamu ya chakula na usingizi usio na maumivu, na wewe akuzeeshe miongoni mwa watu wanaokuuliza unataka kula nini, na wakangoja jibu. Amina.